Patroni, sauti haisikiki

Wenye studio za ngoma, dansi na maigizo hapa Lubumbashi wana sentensi moja wanayoipenda: "Mlango wangu uko wazi, mwenye neno aje aseme." Wanaisema mwisho wa repetisyo, wakiwa wamesimama, funguo mkononi. Wachezaji wanaangalia viatu vyao. Hakuna anayekwenda. Baada ya miezi miwili au mitatu mchezaji mzuri kuliko wote anaonekana katika kundi la jirani, na patroni anawauliza waliobaki: "Juu ya nini hakuniambia?" Kumbe aliwaambia wote, isipokuwa yeye.

Ningependa kulijibu swali hilo la patroni. Najua kuna watu wangelijibu vizuri zaidi upande wa sanaa au wa biashara; mimi nasoma lugha za Kiafrika, kwa hiyo nitapita njia ninayoijua. Ninavyoona, wenye studio wetu si viziwi, wala wachezaji wetu si waoga. Ukosoaji unakwama njiani kwa sababu hakuna aliyeutengenezea njia, na kazi ya kuitengeneza ni ya mwenye studio. Yeye ndiye anayepaswa kuuliza. Aulize juu ya jambo moja linaloonekana, aulize kwa Kiswahili kinachosemwa uwanjani, tena aulize wakati kazi bado inaweza kubadilika.

Tuseme kwanza studio ya kwetu ni kitu gani, maana msomaji wa mbali anaweza kufikiria ukumbi wenye vioo na sakafu ya mbao. Mara nyingi ni uwanja wa nyumba huko Katuba au Ruashi, au darasa la shule linalokodishwa baada ya masomo: sementi chini, mabati juu, ngoma tatu, spika moja, na jenereta ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Ukumbi mkubwa mji unao. Jengo la 30 Juni lilijengwa wakati wa ukoloni liwe nyumba ya maigizo, halafu likawa kikao cha bunge la mkoa. Wako wanaosema kwamba halikubadilisha kazi. Sisi wengine tumebaki na viwanja. Humo watoto wanafundishwa dansi, vijana wanatayarisha maigizo, bale inajifunza ngoma za asili kwa ajili ya harusi na mapokezi ya wakubwa. Mwenye studio ndiye aliyeianzisha, ndiye mtungaji, ndiye mwalimu, ndiye anayeshika sanduku la feza na kujibu simu ya mwenye harusi. Watu wanamwita patroni, na dakika hiyo hiyo wanamwita papa, au mama ikiwa ni mwanamke. Patroni anaweza kukunyima kazi. Papa anaweza kukunyima baraka. Kumkosoa mtu mwenye majina yote mawili si jambo la kuambiwa tu "njoo useme".

Tuingie sasa katika maneno yenyewe.

Kiswahili cha vitabu kina kitenzi kukosoa. Kwa umbo lake kinafanana na kufungua, kutegua, kuzibua. Kilichofungwa kinafunguliwa, mtego uliotegwa unateguliwa, tundu lililozibwa linazibuliwa. Ukifuata mantiki hiyo ya kiambishi, kosa nalo linakosolewa, yaani linatenguliwa, linaondoka. Sisemi kwamba msemaji anafikiria viambishi anapofungua kinywa (ni sisi tu wa idara hii tunaougua ugonjwa huo), lakini umbo linaonyesha njia: anayekosoa anashika kosa, hamshiki mtu.

Mjini, hata hivyo, neno hilo halisikiki sana. Linalosikika ni la Kifaransa lililovaa nguo za Kiswahili: kukritike. Na angalieni linavyofanya kazi. Mtu akisema "Beko banatukritike", hakuna anayeelewa kwamba kuna watu wameitazama kazi yetu kwa makini na wana la kutuambia. Maana yake ni kwamba tunasemwa vibaya, tena nyuma yetu. Sasa fikiria mafunzo ya siku mbili ya wakuu wa makundi, kwa Kifaransa, ambamo mgeni anaeleza kwa upole kwamba msanii wa kweli anapaswa kupenda critique. Wanatikisa vichwa, wanaandika. Walichosikia ni kwamba wanapaswa kupenda kusengenywa. Huko Tanzania kuna neno mrejesho, kutoka kurejesha, na ni neno zuri; lakini hapa kwetu ukimwomba mtu mrejesho atakuuliza ni kitu gani ulimkopesha.

Kwa hiyo nisingemshauri mwenye studio atafute neno jipya la kubandika mlangoni. Ningemshauri asikilize sarufi ya watu wake, maana ndani yake kuna chombo ambacho tayari wanakitumia. Linganisha sentensi hizi mbili: "Husemi vizuri" na "Maneno hayasikiki." Ya kwanza ina mtu ndani yake, na mtu huyo ana njia moja tu, kuona haya. Ya pili ina maneno ndani yake. Maneno yakiwa hayasikiki, kuna mambo mengi ya kuangalia: mwigizaji amegeuka ukutani, ngoma ya pili inapigwa kwa nguvu, jenereta iko karibu mno, sentensi yenyewe ni ndefu kuliko pumzi. Kiambishi hicho cha -ika na mwenzake -ikana ndicho kinachotuwezesha kusema kwamba hatua ya tatu haieleweki, kwamba mstari umevunjika, kwamba mkono wa nyuma hauonekani, bila kumweka mtu kizimbani. Mtoto wa miaka 12 anaweza kumwambia mzee wa miaka 60 "Papa, sauti haisikiki", na heshima ikabaki pale ilipokuwa. Ni lugha chache ninazozijua zinazompa mtoto nafasi hiyo kwa urahisi namna hii, na Kifaransa tunachojifunza hapa fakulte si mojawapo.

Chombo hicho hicho kina makali upande wa pili, na patroni anaujua. Muulize mgawo wa harusi ya wiki iliyopita. "Feza imechelewa." Wiki inayofuata: "Hesabu imevurugika." Nani amechelewesha? Nani amevuruga? Kitenzi hakimtaji, na kwa heshima nawe humtaji. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba katika mambo ya kazi ya sanaa tutumie -ika kadiri tunavyoweza, na katika mambo ya feza tudai mtenda. Nani alipokea, siku gani, franka ngapi, nani amepewa. Mwenye studio anayechanganya mambo hayo mawili, akawa mkali kwa watu juu ya hatua zao na laini juu ya hesabu zake, asishangae mlango wake wazi ukikaa bila mgeni.

Kuna jambo jingine la sarufi, dogo, lakini nimeliona likifanya madhara. Katika Kiswahili chetu tunamheshimu mkubwa kwa kumtaja kwa wingi: papa banakuja, mama banasema. Mchezaji anayetaka kumkosoa patroni kwa adabu atasema "mulikosea". Sasa hiyo "mu" ni ya nani? Ya patroni peke yake, kwa heshima, au ya kundi zima? Mwenye studio mmoja aliambiwa neno kama hilo mbele yangu. Aligeuka, akaliangalia kundi, akasema: "Mumesikia? Mulikosea." Sidhani kwamba alifanya ujanja. Lugha ilimpa mlango wa kutokea naye akatoka.

Ukitaka kuona kundi lililofanya ukosoaji kuwa sehemu ya kazi yenyewe, huna haja ya kwenda mbali. Liko hapa, na sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kulijua kuliko wote. Kundi Mufwankolo, la Kyembe Kaswili ambaye jina lake la jukwaani ndilo lililolipa kundi jina, liliigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na watu wa mkoa walilifahamu kwa redio na televisheni. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, alirudi mwaka 1986 akafuatana nalo likitengeneza mchezo mpya tangu mazungumzo ya kwanza hadi kurekodiwa nje ya mji kwa ajili ya televisheni. Kitabu kilichotoka humo, Power and Performance cha mwaka 1990, kina mazungumzo ya mazoezi hayo kwa Kiswahili chao, kama yalivyosemwa. Mwenye kutaka kuona lugha yetu ikifanya kazi ya sanaa akisome kwa ajili ya hayo, hata kama nadharia zitamchosha.

Kinachonihusu hapa ni namna ya kufanya kazi. Kundi halikuwa na maandishi ya kukariri. Kulikuwa na mpango wa matukio, na ndani ya mpango kila mwigizaji alitunga maneno yake mwenyewe. Walizungumza, wakajaribu tukio, wakasimama, wakazungumza tena, wakarudia. Mkuu alikuwa mkuu, hakuna aliyekuwa na shaka juu ya hilo. Lakini kwa kuwa kila mmoja alikuwa mtungaji wa kipande chake, neno la kukosoa lilikuwa na mahali pengi pa kuangukia. Katika studio ambamo patroni ametunga kila hatua na kila sentensi, neno lolote linamwangukia yeye: ukisema mlango wa pili wa mchezo ni mrefu, umemsema papa. Sitaki kusema kwamba makundi yote yaache kuandika. Nasema kwamba mwenye studio anayeumia kila anapokosolewa ajiulize ni vipande vingapi vya kazi ameviacha mikononi mwa wengine.

Na jambo ambalo kundi hilo lilikuwa likilitafutia mchezo mwaka ule lilikuwa ni msemo, ambao Fabian aliupata mezani, mbele ya firigisi ya kuku: Le pouvoir se mange entier. Utawala unaliwa mzima. Firigisi ni ya mkubwa, haikatwi vipande. Waigizaji walibishana juu ya maana yake, kama utawala unaweza kugawanywa au la, na ubishi huo ndio uliozaa mchezo. Ningependa wenye studio wetu waubishe msemo huo nao, maana wengi wao wanaishi kama waliouapia. Wamekula utunzi, wamekula ualimu, wamekula sanduku, wamekula simu. Mtu aliyekula vyote hivyo amebakiza masikio ya nani ya kusikilizia?

Upande mwingine kuna ukosoaji, au sifa, za aina ambayo patroni anazisikia vizuri mno. Kwenye harusi watu wanasimama, wanamfuata mchezaji, wanambandika noti ya franka kwenye paji la uso. Ni desturi yetu na ninaipenda. Lakini nimeona wenye studio wakizihesabu noti hizo kana kwamba ni hukumu juu ya kazi. Noti inasema kwamba mjomba wa bwana harusi amefurahi, au anataka aonekane amefurahi, au kwamba msichana wa mstari wa mbele ni mzuri. Haisemi kwamba mpito kutoka wimbo wa kwanza kwenda wa pili umekaa sawa. Kundi linalojirekebisha kwa kufuata noti litaishia kucheza dakika tatu zile zile za kutikisa kiuno kila Jumamosi, na nayajua makundi ambayo yamefika huko.

Nje ya nchi kuna mtu mmoja aliyeshughulikia jambo hili kwa umakini: Liz Lerman, mtungaji wa dansi wa Marekani, aliyeanzisha kundi lake la Dance Exchange mwaka 1976. Karibu na mwaka 1990 alianza kutengeneza utaratibu wa hatua 4 wa kuzungumzia kazi ambayo haijamalizika. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa, kilichobaki akilini. Kisha mtungaji ndiye anayeuliza maswali yake. Kisha watazamaji wanauliza, lakini maswali yasiyobeba hukumu tumboni. Mwisho ndipo maoni, tena mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: nina maoni juu ya mavazi, unataka kuyasikia? Mtungaji ana haki ya kusema hapana.

Nilipousoma utaratibu huu nilicheka, kwa sababu hatua ya mwisho sisi tunaifanya kila siku mlangoni mwa watu. Ni hodi. Unasimama nje, unajitaja, unasema unaleta nini, unangoja. Hakuna Mswahili, wa pwani au wa Katanga, atakayeona ajabu kupiga hodi kabla ya kuingia katika kazi ya mwenzake. Hatua ya tatu ndiyo ngumu zaidi katika lugha yetu. Kiswahili sanifu kina "mbona", neno la kuuliza ambalo limekwisha kulalamika kabla swali halijafika mwisho. "Mbona mchezo ni mrefu?" si swali, ni kofi lililovaa kofia ya swali. "Juu ya nini" yetu inaweza kwenda njia zote mbili, inategemea sauti. Swali ambalo Lerman analitafuta lingekuwa kama hivi: "Ulikuwa unatafuta nini ulipourefusha mwisho?" Linahitaji mazoezi. Wanafunzi wa lugha tungeweza kwenda katika studio hizi kufanya mazoezi hayo pamoja nao, na ingekuwa kazi yenye faida kuliko ripoti za stashi tunazozinakili kila mwaka.

Lakini utaratibu wa Lerman sitauchukua mzima. Umetengenezwa kumlinda mtungaji, ili asivunjike moyo kazi ikiwa bado changa, na ni jambo jema mahali ambapo mtungaji yuko mbele ya wenzake walio sawa naye. Katika uwanja wa Katuba, mtungaji ndiye patroni. "Hapana" anazo nyingi tayari. Anayezihitaji ni mchezaji. Kwa hiyo ningeigawa haki hiyo. Juu ya utunzi, patroni aseme hapana anapotaka: mchezo ni wake, jina lake ndilo litakalotukanwa. Juu ya sakafu, juu ya saa ya kurudi nyumbani usiku, juu ya mgawo, hodi inatosha. Akiisha kupigiwa hodi hana hapana. Na mtu wa kuongoza mazungumzo hayo asiwe yeye. Awe yaya mmoja wa kundi, mwenye kuheshimiwa na asiyeshika sanduku.

Rafiki yangu wa idara ya Kifaransa, ambaye naye anaigiza, anasema haya yote yataua sanaa. Kundi si bunge, ananiambia. Msanii anayesikiliza kila mtu anakuwa bendera. Ana haki kwa nusu. Kuna maneno ambayo mwenye studio anapaswa kuyakataa mchana kweupe. Shirika linaloleta feza na kutaka kila mchezo umalizike kwa ujumbe wa chandarua cha mbu, likataliwe, hata kama chandarua chenyewe ni kitu chema. Mwenye harusi anayetaka sketi za wasichana zikatwe zaidi, akataliwe kabla hajamaliza sentensi. Lakini kukataa nako ni kujibu, na jibu lina umbo lake: nimesikia, sitabadilisha, sababu ni hii. Mchezaji akijibiwa hivyo anaweza kununa siku mbili, lakini anajua neno lake limefika. Anayejibiwa "asante kwa maoni yako" anajua halikufika, na hatarudi nalo tena. Na hapo ndipo rafiki yangu anapokosa nusu ya pili: si maneno yote yana uzito mmoja. Mtazamaji anajua alichoona na alichosikia. Mwenye kutoa feza anajua alitoa ngapi. Mchezaji ndiye peke yake anayejua kazi hiyo inamfanya nini mwilini, na juu ya jambo hilo hakuna anayeweza kumshinda kwa hoja.

Nitaje mfano, studio sitaitaja. Jumamosi nasaidia mahali fulani kuwafundisha vijana kutamka, ili maneno yafike kwenye safu ya nyuma. Katika mchezo wao mkubwa kulikuwa na sehemu ya kuruka, dakika nne hivi, wasichana sita, miguu mitupu, juu ya sementi. Sementi hainyumbuki, uzito wote unaoshuka unarudi kwenye mfupa na kwenye goti. Wasichana waliipa sehemu hiyo jina: hospitali. "Sasa tunaingia hospitali," walisema, na wakacheka, na patroni akacheka pamoja nao, kisha yeye mwenyewe akaanza kuiita hivyo. "Tuanze na hospitali!" Miezi mitano jina hilo lilisemwa kila repetisyo, kwa sauti, mbele yake. Halafu mmoja wao, wa miaka 17, goti lilivimba, kliniki wakamwambia apumzike, akaacha kuja. Patroni alisema kile wanachosema wote: hakuna aliyeniambia.

Yeye si mtu mbaya. Amelipa ada za shule za watoto ambao si wake. Alikuwa amezoea kungoja ukosoaji uje umevaa suti, useme "Bwana mkurugenzi, nina maoni", na huu ulikuja umevaa mzaha. Kwa kawaida ndivyo unavyokuja kwa mtu anayeitwa papa: ndani ya jina la utani, ndani ya wimbo wa kupashia mwili moto, ndani ya "nimechoka" inayosemwa na mtu ambaye hajachoka. Swali moja lingetosha. "Juu ya nini munaiita hospitali?" Lina maneno matano, na halikuhitaji semina.

Aliyeliuliza mwishowe alikuwa mama wa msichana, siku aliyokuja kuchukua kitambaa cha mtoto wake kilichobaki studio. Aliwasikia wenzake wakilitaja jina, akauliza, na watano waliobaki wakaanza kusema wote kwa pamoja. Patroni alisikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi. Wiki iliyofuata alinunua mbao nyembamba na kuzilaza juu ya vipande vya matairi ya zamani. Feza ilitosha nusu ya uwanja. Sehemu ya kuruka imehamishiwa upande huo. Watoto wadogo wanafundishwa huko huko. Wanaume wanaocheza taratibu wamebaki kwenye sementi na wanalalamika, sasa kwa maneno, jambo ambalo mimi naliona ni maendeleo. Msichana amerudi, haruki. Anawahesabia wadogo mapigo. Amepewa pia kazi ya kuuliza, kila mwisho wa mwezi, ni nini kinauma na ni nini hakisikiki, na kuandika majibu katika daftari ambalo patroni analisoma mbele ya wote na kujibu mstari kwa mstari.

Mstari mmoja umeandikwa mara mbili na haujajibiwa. Ni juu ya feza ya kliniki, ambayo mama alitoa mfukoni mwake. Mara ya kwanza binti aliandika: "Feza ya kliniki haijarudishwa." Mara ya pili aliandika jina la mtu anayepaswa kuirudisha.